Nyumba za Kuzugia

Kazi yangu ya kwanza ya mshahara ilikuwa kubisha hodi.

Niliacha shule nikiwa kidato cha pili, mwaka ambao baba alifariki na mama akamfuata kabla mvua za masika hazijakatika. Nyuma yangu walikuwapo wadogo watatu. Baada ya arobaini ya mama ndugu walikaa kikao wakataka kutugawa, mmoja Kibaha, mmoja Morogoro, wa mwisho kwa shangazi. Nilikataa. Sikuwa na hoja yoyote ya maana, nilisema tu hapana, na nikaendelea kusema hapana mpaka wakachoka, wakafunga mizigo yao wakaondoka. Miaka iliyofuata nilikaanga mihogo, nilifua nguo za watu, nilisafisha utumbo kwa ajili ya wauza supu wa karibu na machinjio ya Vingunguti, mtaa tulimokuwa tukiishi. Kwa hiyo balozi wetu wa nyumba kumi alipokuja kuniambia kwamba yupo daktari anayetafuta watu wanaojua kusoma, kuandika na kutembea juani, sikuuliza swali la pili.

Daktari mwenyewe alikuwa mwanamke wa bara, amenizidi miaka kumi hivi, mwembamba, mwenye tabia ya kuandika akiwa amesimama. Hakuwa daktari wa kutibu. Siku ya kwanza alinieleza kwamba wenzake humtazama mgonjwa mmoja mmoja, yeye hutazama mtaa mzima na kujiuliza nani anaugua, nani anapona, nani anakufa, na kwa nini huyu na si yule. Kifua kikuu kilikuwa kimerudi mjini kwa nguvu, na wengi waliokuwa nacho walikuwa pia na virusi vya ule ugonjwa mwingine ambao watu hawakuutaja kwa jina. Dawa za kifua zilikuwapo. Za ule mwingine hazikuwapo. Daktari alitaka kujua wagonjwa wa namna hiyo wanaendeleaje, mwezi kwa mwezi, na kwa hiyo asiyefika kliniki siku yake ilibidi afuatwe nyumbani. Wa kumfuata nilikuwa mimi.

Nilipewa Tandika na mitaa ya jirani, upande wa Temeke. Haikuchukua muda mrefu nikajulikana, na kujulikana kwangu kukawa balaa kwa wengine. Nikibisha kwa mpangaji saa tatu asubuhi, kabla ya adhuhuri mwenye nyumba amekwisha kumwambia atafute chumba kwingine. Mama mmoja aliwahi kusema nami kupitia mlango uliofungwa.

"Dada, kama kweli unanitakia mema, usije."

Nilirudi ofisini nikamweleza daktari. Alinipa daftari kubwa la mistari. Alisema kuanzia siku hiyo, kwa kila nyumba ya mgonjwa nitakayokwenda, nibishe na nyumba nyingine nne za mtaa huohuo, niulize maswali ya afya ya jumla: mnalala wangapi, maji mnapata wapi, choo mnatumia na nani, na je, kuna mtu anayekohoa kwa zaidi ya wiki tatu. Hivyo hakuna jirani atakayejua nyumba ipi ndiyo yenyewe.

"Majibu yao niyaandike?" nilimuuliza.

"Andika wakuone unaandika. Hatutayatumia."

Lakini mimi sikujua kuandika kitu nusu nusu. Nilipiga mistari kwa rula, nikaipa kila nyumba ukurasa wake, nikaandika kila jibu kwa tarehe. Daktari aliponiona mara moja nikijaza ukurasa, alicheka, kisha akasema kitu alichokuwa akiwaambia wote waliomfanyia kazi: "Kama unaandika, basi andika kweli. 'Hakuna' nalo ni jibu. Usiliandike kabla hujauliza."

Nyumba hizo nne nne nikaziita nyumba za kuzugia.

Sasa niseme jambo ambalo sikumwambia mtu yeyote wakati ule. Kwenye nyumba za wagonjwa sikukaribishwa kukaa. Waliniita sista, kama muuguzi, nami nilisimama ukumbini, nikauliza kwa sauti ya chini, nikahesabu vidonge vilivyobaki, na muda wote huo wenyeji wakiangalia mlango. Sikuwalaumu. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwakumbusha. Nyumbani nako kulianza kupwaya. Mdogo wangu wa kiume alipata kazi ya ufundi umeme Mbeya akaenda. Wa kike alipochumbiwa aliniomba niwaambie wakwe zake kwamba nafanya usafi hospitalini, nami nikawaambia hivyo. Wa mwisho alikuwa shule ya bweni. Nilikuwa nimezoea kupika kwa watu wanne, mkono wangu ukawa unapima mchele wa wanne, na chakula kinalala.

Ila kwenye nyumba za kuzugia nilikuwa mgeni. Kule sikuwa nimeleta habari ya mtu. Nilitolewa kigoda, nikapewa maji, nikataniwa. Watoto waliniita Dada Kikohozi, wakikohoa kwa makusudi nikipita, na mama zao wakiwafokea huku wakicheka. Nilianza kupanga njia zangu kwa kufuata nyumba hizo. Kwa nyumba ya mgonjwa nilitumia dakika tano, kwa za kuzugia nusu saa.

Moja ilikuwa ya Fundi. Mtaa mzima ulimwita hivyo, na nami nitamwita hivyo. Alikuwa mwanamke wa umri wangu, aliyepunguzwa kwenye kiwanda cha nguo pamoja na wenzake wengi. Mumewe, dereva wa malori ya masafa marefu, alikuwa amekwisha kufariki nilipomfahamu, na alimwachia binti mmoja wa miaka saba. Mitumba ilikuwa imefurika mjini, na katika kila belo walikuta makoti mazito ya sufu ambayo hapa Dar hakuna mwendawazimu wa kuyavaa. Wauzaji waliyatupa pembeni. Fundi aliyaokota kwa bei ya bure, akayafumua, akayakata, akashona mabegi ya shule na suruali za watoto. Chumba chake kilijaa manyoya ya sufu. Yalikaa kwenye nyusi zake kama mvi.

Siku ya kwanza nilipobisha hakunyanyua uso kutoka kwenye cherehani.

"Kama unauza sabuni, ninayo. Kama unahubiri, nimeokoka jana."

"Naulizia afya."

"Ya nani?"

"Ya nyumba."

"Nyumba inaumwa paa." Akasimamisha gurudumu la cherehani, akanitazama. "Kaa basi, shoga, unaniziba mwanga."

Nikakaa. Nilikaa pale, naweza kusema, miaka miwili. Si kila siku, ila kila nilipokuwa na mgonjwa mtaa ule, na baadaye hata pale nisipokuwa naye. Alinimiminia chai ya tangawizi kwenye kikombe cha bati. Hakuniuliza kazi yangu hasa ni ipi. Aliniuliza mambo ambayo hakuna mtu mwingine aliyeniuliza: kama mdogo wangu wa Mbeya ameandika barua, kama nimekula, kwa nini sijaolewa.

"Nilikuwa nalea."

"Sasa wamekua. Unamlea nani, huyo balozi wenu?"

Nilikuwa nikicheka peke yangu njiani nikirudi.

Mwanzoni nilimuuliza maswali kama nilivyowauliza wote. Kuna anayekohoa? Hakuna. Nikaandika hakuna. Kisha akaanza kukohoa. Kikohozi kidogo, kikavu, cha kugeuza uso pembeni. Alisema ni haya manyoya ya makoti ya Wazungu, yananiingia kifuani, siku moja nitakohoa koti zima na vifungo vyake. Tukacheka. Na siku hiyo, naikumbuka vizuri kwa sababu binti yake alikuwa amekaa miguuni pangu akipanga vifungo kwa rangi, nilifungua daftari, nikafika kwenye lile swali, na sikuuliza. Niliona aibu. Nilihisi kwamba nikiuliza tu, nitaacha kuwa mgeni wake na nitakuwa yule mtu anayesimama ukumbini. Nikaandika hakuna, nikafunga, nikamalizia chai.

Mara ya pili ilikuwa rahisi zaidi. Mara ya tatu sikufungua daftari pale kwake kabisa, nilijaza nikiwa njiani.

Mimi niliyefundishwa dalili zote. Niliyejua kuzitaja nikiwa usingizini: kikohozi, homa za jioni, jasho, kukonda. Niliona mkono wake ukipungua kwenye gurudumu la cherehani. Nilijiambia ni kazi nyingi. Kwa wagonjwa ambao hata hawakutaka kuniona nilikuwa mkali kama askari, nawafuata mpaka Kimara, mpaka Mbezi, hadi kwa ndugu zao walikojificha. Kwa huyu mmoja nilikuwa kipofu kwa hiari yangu.

Mwaka ule masika yalikuwa makubwa, na paa la ofisi yetu likavuja juu ya kabati la mafaili. Daktari alikuwa akihamisha makaratasi yasilowe, akalikuta daftari langu, la tatu wakati huo. Akalifungua ili alikaushe. Niliporudi alasiri nilimkuta amesimama palepale, madaftari yote matatu mezani.

"Umefanya hivi tangu nilipokupa lile la kwanza?"

"Ndiyo, daktari. Uliniambia kama naandika niandike kweli."

"Unajua hiki ni nini?" Sikujua. Akanivutia kiti, yeye aliyekuwa hakai. "Hospitali tunawajua wanaokuja hospitali. Wasiokuja hatuna habari zao. Wewe unazo. Nyumba hizi hakuna aliyewahi kuziuliza, na wewe umeziuliza kwa miaka." Alisema ataomba kibali kwa kamati inayosimamia tafiti, na kibali kikipatikana tutarudi nyumba kwa nyumba tuwaombe ruhusa wenyewe. Alisema jina langu litaandikwa. Kisha akaniita 'mtafiti mwenzangu'. Sikuwahi kuitwa hivyo, wala kitu kinachofanana na hivyo, na nilitoka kwenda bombani kunawa uso.

Niliporudi alikuwa ameanza kupitia kurasa kwa rula, mstari baada ya mstari. Nilisimama nyuma yake nikiwa bado nina furaha. Akafika ukurasa wa Fundi. Rula ikasimama.

"Nyumba hii ina bahati sana," alisema.

Nikainama kuutazama ukurasa.

"Nyumba nyingine zote, ikifika masika, kuna mafua, kuna mtoto ana kifua, kuna bibi anakohoa wiki moja kisha anaacha. Hapa hakuna. Hakuna. Hakuna. Karibu mwaka." Akageuka. "Uliuliza?"

Ningeweza kusema ndiyo. Kibali hakikuwa kimeombwa bado, na hakuna aliyekuwapo pale isipokuwa sisi wawili. Nilifikiri juu ya jina langu. Nilifikiri pia juu ya kikombe cha bati.

"Hapana."

"Kuna anayekohoa?"

"Yeye mwenyewe. Mwenye nyumba."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya Ramadhani ya mwaka jana."

"Ndani kuna mtoto?"

"Yupo."

Akaweka rula chini. Nilikuwa nikingoja anifokee kuhusu daftari. Hakuligusa. Alifungua droo, akatoa vikopo vya makohozi vitatu, akanipa.

"Mvua ikipungua usingoje ikatike," alisema.

Nilifika Tandika viatu mkononi. Fundi alikuwa amesogeza cherehani mbali na dirisha, maji yalikuwa yakiingia. Alifurahi kuniona, nakumbuka hilo kuliko yote.

"Shoga! Leo umekuja na mafuriko. Vua hilo gauni nikupe kanga kavu."

"Nataka kukuuliza."

"Vua kwanza."

"Unakohoa tangu lini?"

Akatabasamu. "Si nimekwambia, makoti."

"Homa za jioni unapata? Jasho unapolala?"

Alikitazama kile kikopo nilichokuwa nimekishika. Alikijua. Mtaa mzima ulivijua vikopo vile.

"Kumbe ndiyo kazi yako hasa," alisema polepole. "Kumbe chai yangu ulikuwa unakunywa huku unanipima."

"Sikukupima. Ningekupima ingekuwa afadhali. Sikukuuliza. Niliandika huumwi."

"Uliandika."

"Ndiyo."

"Na ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa sitaki kujua."

Binti yake alikuwa kitandani akitusikiliza. Fundi alimtuma kwa jirani achukue kopo la kukinga maji. Alipotoka, Fundi akasogea karibu, na hakupaza sauti.

"Wale usiowajua unawafuata mpaka uchochoroni, nimekuona. Unawauliza, wanakutukana, kesho unarudi. Mie unanipenda, ndiyo ukaniacha? Na huyu mtoto analala ubavuni pangu kila siku ya Mungu. Hukumwona?"

"Nilimwona."

"Basi."

Nilitaka kumwambia kwamba kwake ndipo mahali pekee nilipokuwa nikikaa kitako katika jiji lote hili. Ilikuwa kweli, lakini haikuwa jibu la swali lake. Akanyoosha mkono akachukua kikopo, akageukia ukutani akakohoa, akafunga kifuniko vizuri kama fundi anavyofunga kazi yake, akanirudishia. Vile viwili vingine alivileta mwenyewe kliniki.

Vyote vitatu vilionyesha vijidudu. Mtoto alipimwa akaonekana mzima, na daktari aliniita kunieleza hilo kabla hata hajaandika, nami nikaketi sakafuni pale ukumbini, watu wakanipita. Fundi akaanza dawa. Miezi miwili ya kwanza alikwenda kila siku kumeza mbele ya muuguzi, akiwa na mkoba alioshona kwa koti la kijivu, na akakubali kuingia katika utafiti. Alitolewa damu. Jibu la ile damu lilikwenda kwa namba, si kwa jina, na mimi sikuwa miongoni mwa walioruhusiwa kuliona. Sijui mpaka leo.

Wiki chache baadaye nilimuuliza daktari habari za kibali. Alikuwa ameyafunga yale madaftari kwa kamba.

"Siwezi kuyatumia," alisema.

"Ni nyumba moja tu, daktari. Nyingine zote niliuliza. Naapa."

"Nakuamini." Alisema bila ukali wowote. "Lakini mimi kukuamini si ushahidi. Atakayesoma kazi yangu hakujui. Akiniuliza nimejuaje kwamba ni nyumba moja, nitamjibu nini?"

Nilijua alivyokuwa akiyahitaji. Nilimwona miezi ile akichelewa kutoka, akipiga hesabu za wagonjwa waliokufa na waliopona, akilalamika peke yake kwamba hana picha ya waliobaki majumbani. Picha hiyo ilikuwa juu ya kabati, imefungwa kamba, na hakuigusa. Aliandika kitabu chake cha shahada bila hiyo. Hakunifukuza kazi. Aliendelea kunipa mitaa, aliendelea kusema asante kila nikileta fomu, na baadaye alinifundisha kuwafundisha wafuatiliaji wapya. Ila neno lile la mtafiti mwenzangu halikurudi, nami sikulitazamia.

Fundi sasa alikuwa na fomu yake, na mfuatiliaji wa mtaa ule nilikuwa mimi. Daktari aliuliza kama nataka apewe mtu mwingine. Nilisema hapana. Kila mwezi nilibisha, nikauliza, nikahesabu vidonge. Alijibu kila swali sawasawa, kwa utaratibu, macho yake kwenye mshono. Hakuwahi kuruka siku. Kikombe cha bati nilikiona kimeangikwa msumarini. Binti alikuwa akinisalimia "shikamoo" kisha anatoka nje, kama watoto wa nyumba za wagonjwa walivyofundishwa.

Katika mwezi wa tano wa dawa nilijaribu. Nilisema mdogo wangu wa Mbeya ameandika, amepata mtoto.

"Hongera," alisema. "Swali linalofuata?"

Nikauliza swali linalofuata.

Ziara ya mwisho iliangukia siku ya jua kali. Vikopo vyake vya miezi minane vilikuwa vimerudi safi. Mikono yake ilikuwa imejaa tena, gurudumu la cherehani linazunguka bila kusita, na kifua chake, nilikisikiliza kwa muda wote niliokuwa pale, kilikuwa kimya. Alikuwa ameacha makoti, anashona sare za shule kwa kitambaa kipya. Nikasaini fomu, naye akasaini chini yangu kwa herufi za kiwandani, kubwa na zilizonyooka.

"Ndiyo imekwisha?" aliuliza.

"Imekwisha. Kwa upande wetu huna tena haja ya kunipokea."

Akainuka. Hakuwahi kuinuka nilipokuwa naondoka. Zamani nikiaga alikuwa akinikaripia, unakwenda wapi wewe, jua lote hili, kaa. Na nikifika mlangoni anaendelea na maneno yake kana kwamba bado nimo ndani. Siku hiyo alinisindikiza mpaka kizingitini, akashika mlango, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu ile mvua.

"Asante kwa kazi," alisema. "Karibu tena, sista."

Nikamwambia asante, nimekaribia. Akasubiri mpaka nikashuka kibaraza, ndipo akafunga.